Upepo Usitoke

Jumanne, 17 Juni 2025

Inalia tena. Tangu chai ya asubuhi inalia, ssss, kama nyoka aliyekanyagwa mkia, na mainjinia wamekaa wanaitazama na kutabasamu. Mimi niko nje ya dirisha na kompresa yangu, roho inaniuma. Ule ni upepo wangu. Unapotea bure.

Nieleze vizuri, daftari lenyewe jipya. Hawa mainjinia wamekuja hapa Segese kufundishwa. Wanatoka kwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu, huku kwetu mpaka Geita, ile yenye matangi ya moto. Somo ni moja wiki nzima: presha ikizidi ndani ya tangi, itolewe vipi kabla tangi halijapasuka na kuua watu. Wamekodi ukumbi wa gesti. Wamekuja na tangi dogo la mfano, limesimama mbele kama bibi harusi. Lakini mashine yao ya upepo ilikufa njiani. Wakauliza sokoni nani ana kompresa. Wakaonyeshwa mimi, Bujiku, fundi pancha. Nikapakiwa kwenye pikapu, nimekaa nyuma nimeikumbatia kompresa isianguke. Stendi nzima waliniona. Niliangalia chini.

Madaftari waliweka kila kiti. Kiti kimoja kilikosa mtu. Injinia Deusdedit, mwalimu wao, akanipa mimi la ziada. Shule niliishia la tano, na mdomo wangu mzito. Ila kuandika naweza. Ukiandika hakuna anayekutazama.

Nimesikia somo lote dirishani. Juu ya tangi kuna valvu ya usalama. Presha ikifika mahali pake, valvu inafunguka yenyewe, inalia, upepo unatoka, tangi linapona. Valvu ikigoma, kuna bati jembamba pembeni. Hilo limetengenezwa lipasuke. Kazi yake ni hiyo tu, kupasuka! Likipasuka, upepo unapita kwenye bomba nene mpaka nje, nyuma ya ukumbi, pale walipozungushia kamba asikae mtu.

Nimewaza sana. Mimi maisha yangu ni kuzuia upepo usitoke. Mteja akirudi na tairi linasema ssss, ni aibu, mtaa mzima utajua. Hawa wamesoma mpaka chuo kikuu ili upepo utoke.

Sasa jambo langu lenyewe. Chakula cha mainjinia anapika Mama Martina. Anayegawa ni Martina. Jumapili baba yake mkubwa, Mzee Maganga, anakuja kutoka Didia kusikiliza wanaomtaka binti. Masikio yake mazito lakini neno lake ndiyo la mwisho. Anayetaka alete mshenga. Bila mshenga usijisumbue. Kwa mtu kama mimi hii mila nzuri mno, mwenzako anaongea, wewe umekaa nje. Tatizo sina mwenzangu. Baba alishafariki. Wajomba wako Songwa na wamegombana na kila mtu. Na Nasibu, yule muuza soda mwenye shati jeupe, naye anamtaka Martina, ameshampata mwenyekiti wa kitongoji amsemee. Mwenyekiti mzima!

Leo Martina alinipa sahani akaniuliza aongeze mchuzi. Nikatikisa kichwa. Hakujua ni ndiyo au hapana. Akasema, "Wewe Bujiku, hata tairi lako linaongea kuliko wewe."

Halafu akacheka. Nadhani ni dalili nzuri.

Jumatano, 18 Juni

Nimepata mpango. Mshenga wangu atakuwa Injinia Deusdedit!

Angalia sababu. Ana mvi. Ana koti. Anaongea taratibu hadi mtu akitukanwa naye atashukuru. Na si wa hapa, kwa hiyo hajui lolote baya juu ya wajomba zangu. Mwenyekiti wa Nasibu anaongea kama anagombana na ng'ombe.

Usiku nilifanya mazoezi. Shikamoo Injinia, nina neno. Shikamoo Injinia, nina neno. Liko vizuri kabisa.

Asubuhi nikamkuta koridoni peke yake. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba kijana. Nikasema nina... Neno likagoma. Nikasema nina upepo. Akaniangalia kwa huruma. Akaniambia maharage yanaleta hivyo, nijaribu tangawizi, na choo kiko mkono wa kulia. Nikaenda. Ningefanyaje? Alikuwa ananiangalia.

Mpango wa kuongea nimeuacha. Nitatumia vitendo.

Leo somo lilihamia jikoni. Mama Martina anapikia maharage sufuria ya presha, ile yenye kidude juu kinachopiga kelele. Dada yake alimletea kutoka Geita. Injinia akawatoa mainjinia wote, wakasimama jikoni na vitambulisho shingoni wakaitazama sufuria inalia. Akasema kidude kile na valvu ya tangi ni ndugu wa tumbo moja. Kikilia usikiguse, kinakuokoa. Mama Martina alifurahi sana. Alisimama karibu na sufuria kama anapigwa picha.

Kuna injinia mmoja anaitwa Violeth, mkali, anaandika kila kitu. Akaulizwa, valvu ikianza kuvuja mtamboni ghafla, unafanya nini? Akasema anashusha presha, anasimamisha mtambo, anatafuta sababu. Injinia akasema safi. Nilicheka dirishani. Usimamishe kazi kwa sababu ya ssss? Huyu dada akifungua kibanda cha pancha atakufa njaa.

Mchana Nasibu alikuja na kreti za soda. Akaniita Mzee wa Pancha mbele ya Martina. Akasema Jumapili wao wanakuja na mwenyekiti, wazee, na pengine spika. Akaniuliza mimi nitakuja na nani, au nitaleta jeki. Watu wakacheka. Na Martina alicheka, lakini kidogo. Nilikuwa naangalia, alicheka kidogo sana.

Alhamisi, 19 Juni

Siku kubwa. Mungu amenifungulia.

Valvu ya tangi leo imevuja toka asubuhi. Si kulia kule kwa kawaida, kwamba inalia halafu inafunga. Hii ni ssss ndogo, haikati. Nilimwona Injinia Deusdedit ameinama pale. Akasikiliza. Akatikisa kichwa. Akashusha pumzi. Akavua miwani akaifuta, akavaa, akatikisa kichwa tena. Mwalimu wa watu, mtu mzima na mvi zake, anadhalilishwa na pancha mbele ya wanafunzi. Na kesho ndiyo siku ya kufunga, wanakuja wageni, wenye mitambo wenyewe, kuangalia tangi likifanya kazi.

Nikajua hapo hapo. Huyu mtu nikimwondolea hii aibu, hawezi kuninyima kitu.

Jioni wameenda kunywa chai. Ukumbi mtupu. Nikaingia na mpira wa tyubu, ule ninaofungia kila kitu: mizigo ya bodaboda, mpini wa jembe, mlango wangu. Nikapaka solusheni, gundi yangu ya viraka, kwanza kuzunguka pale panapotoka upepo. Nikaweka kiraka. Halafu nikazungusha mpira. Navuta, nazungusha, navuta, nazungusha, mpaka valvu ikawa nene kama mtoto wa Julai aliyevalishwa masweta ya bibi yake. Nikamalizia na fundo langu lile, halifunguki bila kisu.

Nikarudisha kofia yake ya bati juu, mtu asione. Sitaki kujitangaza kabla ya wakati.

Nikajaza upepo kidogo kujaribu. Nikaweka sikio. Kimya. Hata pumzi hakuna. Kazi safi sana. Nadhani ni kazi bora niliyowahi kufanya, zaidi hata ya lile tairi la trekta la Didia.

Wakati natoka nikakutana na Martina anakusanya vikombe. Akaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikasema hamna. Neno zima, hamna! Tunaanza kuzoeana.

Ijumaa, 20 Juni

Leo naandika polepole.

Wageni walijaa. Wenye mitambo mbele, mainjinia nyuma yao. Injinia akachora mstari wa chaki akasema mtu asiuvuke. Akaeleza kila kitu. Akasema sindano ya geji ikifika kwenye rangi nyekundu, mtasikia valvu inalia. Akanipungia mkono dirishani. Nikawasha kompresa.

Sindano ikapanda. Ikafika nyekundu. Kimya. Watu wote wametega masikio. Mimi natabasamu. Nasubiri ageuke aone hakuna kinachovuja, aulize nani aliyefanya jambo hili jema.

Sindano ikapita nyekundu.

Injinia akasema ngojeni. Akasogea hatua moja. Nikaona uso wake. Nimeona uso ule mara moja tu, kwa dereva wa lori aliyejua breki hazishiki. Akasema, "Bujiku, zima." Hakupiga kelele. Ndiyo maana niliogopa. Nikageuka kuzima, mkono haujafika.

Paa!

Lile bati limepasuka. Sikujua sauti inaweza kuingia mpaka kwenye meno. Mainjinia wote walilala chini. Mgeni mmoja mwenye suti aliingia chini ya meza ya keki. Mama Martina alikumbatia sufuria la pilau kwa mwili wote, akasema aliyepona aje ale.

Tangi lenyewe limesimama tu. Halina hata mkwaruzo. Upepo wote umepita kwenye bomba ukatokea nyuma, pale penye kamba.

Pale penye kamba walikuwa wamekaa Nasibu na mwenyekiti.

Nasibu aliona pana kivuli na hakuna msongamano, akainua kamba, akamwekea mwenyekiti kiti na soda baridi. Hawakuumia, walikuwa wamekaa pembeni ya mdomo wa bomba. Lakini vumbi la Juni lote la Segese liliinuka likakaa juu yao. Shati jeupe limekuwa la udongo. Mwenyekiti alibaki meno na macho. Soda bado ameshika.

Ndani, Injinia akafunua kofia ya valvu. Akaona kazi yangu. Violeth akatafuta kisu, akakata fundo, akaanza kufungua mpira. Anafungua, unakuja. Anafungua, unakuja. Ukumbi mzima unatazama mpira unavyorundikana chini, na mmoja mmoja wakaanza kugeuka dirishani. Segese nzima hakuna mwingine anayefunga hivyo.

Nikasema, "Ni mimi. Ilikuwa inavuja."

Injinia akaja dirishani. Akaniambia niingie ndani. Nikapita mlangoni. Akanisimamisha karibu na tangi. Akawaeleza kwamba valvu aliichafua yeye mwenyewe makusudi kwa mchanga, leo wanafunzi watafute sababu ya kuvuja. Sasa amepata somo kubwa zaidi. Akasema siku zote anawafundisha kuogopa mtu mmoja, yule mwema, anayependa kazi, anayeona valvu inavuja na kuifunga ili kusaidia. Hajawahi kuwa naye mkononi. Akanishika bega. "Mtazameni vizuri. Kila mtambo wenu una Bujiku wake."

Wote wakaandika. Wakanipiga picha nimeshika mpira. Mgeni wa chini ya meza aliomba apige na mimi peke yetu.

Sijawahi kusifiwa hivi!

Baadaye akanichukua nyuma ya ukumbi, na huko hakutabasamu. Akaniambia bila lile bati tungekuwa tunazikana. Akaniuliza kama najua waliokuwa ndani. Akamtaja Violeth. Akamtaja Mama Martina. Akamtaja Martina. Hapo nikakaa juu ya kreti. Akaniambia niseme: ikilia, iache ilie. Nikasema. Akaniambia tena. Nikasema tena kwa sauti. Nimeelewa kabisa. Nimeapa kwa marehemu baba.

Na sijui ilikuwaje, labda woga ulikuwa umefungua kila kitu, nikaendelea kuongea. Nikamwambia Martina, Jumapili, Mzee Maganga, mshenga, wajomba wa Songwa, mchuzi, yote. Nilipomaliza alikuwa amekaa na yeye kwenye kreti, amevua miwani, machozi yanamtoka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Akasema atanijibu kesho.

Jumamosi, 21 Juni

Amekubali!

Kwa masharti. La kwanza, atasema ukweli wote kuhusu jana, hafichi. La pili, nisifunge tena valvu yoyote maisha yangu yote. Nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja sana, wabeja sana, mpaka akaniambia inatosha.

Habari nyingine tamu. Mwenyekiti amejitoa kwa Nasibu. Anasema hawezi kumsemea mtu anayekaribisha wazee mbele ya mdomo wa bomba. Bado anapiga chafya. Nasibu amezunguka kutwa nzima anatafuta mshenga mwingine, kila mzee anamuuliza kwanza atamkalisha wapi.

Jioni akaja kibandani kwangu. Safari hii aliniita Bujiku. Aliniuliza, kwa upole, kama Injinia anaweza kuwasemea watu wawili kwa safari moja. Nikatikisa kichwa. Hakujua ni ndiyo au hapana. Nikamwacha hivyo hivyo.

Martina amepita kuchukua tairi la baiskeli ya mama yake. Akasema amesikia nimebomoa ukumbi. Nikasema ukumbi uko salama, ni bati tu. Sentensi kamili! Akanitazama. Akasema baba mkubwa anapenda watu wakimya, lakini hapendi wajinga, kwa hiyo kesho nisiguse kitu chochote. Akarudia, chochote.

Ananijali.

Jumapili, 22 Juni

Naandikia jikoni kwa Mama Martina. Wao wako sebuleni: Mzee Maganga, Mama Martina, Injinia Deusdedit na koti lake. Martina yuko huko anatoa maji ya kunawa, amepiga magoti. Muoaji hakai ndani maneno yake yakisemwa. Mama Martina akaniambia nikae huku, niangalie moto wa maharage tu. Ukuta ni mwembamba, nasikia kila kitu.

Nilikuwa nasikia.

Salamu zimeenda vizuri. Mwadila, mhola, habari za Didia, habari za pamba, habari za ng'ombe. Injinia hajui Kisukuma lakini ameitika vizuri kama mtu anayejua. Kisha akaanza. Ameeleza pancha, akaeleza tangi, akaeleza bati. Mzee Maganga alicheka sana kwenye habari ya mwenyekiti. Nikasema moyoni, Bujiku, unaoa.

Akafika pale penyewe. Injinia akashusha sauti, akasema, sasa mzee, mimi nilichokiona kwa kijana huyu ni kwamba...

SSSSSSS!

Sufuria ya presha. Kidude kimeanza kulia kuliko siku ile ya somo. Mzee Maganga akauliza anasema nini. Injinia akarudia. Sufuria ikarudia. Mzee akasema hasikii, kijana ana nini? Ana kifafa? Mama Martina akasema hapana shemeji, si kifafa. Mzee akasema ameoa? Ameshaoa?

 Jambo langu lote linazama kwenye kelele za maharage!

Nikakumbuka: ikilia, iache ilie. Nakumbuka vizuri, sijasahau. Lakini Injinia alisema valvu. Hiki ni kidude. Ni kweli alisema ni ndugu wa tumbo moja. Mimi nina ndugu wa tumbo moja Kahama, hatufanani hata kidogo. Na lile lilikuwa tangi, mambo ya mainjinia, dhahabu, moto mkubwa. Haya ni maharage. Na sitafunga moja kwa moja. Nitafunga kidogo, mpaka mzee asikie jina langu, halafu nifungue.

Mfukoni nilikuwa na kipande cha mpira. Kifupi, lakini kimefika.

Kimya. Kimya kizuri mno. Sasa nasikia kila neno.

Injinia anasema kijana ana mikono, ana moyo, na hakujificha alipoulizwa. Mzee Maganga anauliza lakini amejifunza? Maana mtu akikosea si neno, neno ni kama amejifunza. Injinia anasema, "Mzee, kwa hilo naweka jina langu. Amejifunza." Mzee anasema basi kama ni hivyo, sisi hatuna kipingamizi, tukila tutataja ng'ombe. Mama Martina anapiga kigelegele! Anamwambia Martina aje kupakua maharage.

Mfuniko unatetemeka kidogo. Mpira umevimba na unaanza kuteleza pembeni, kale kasauti kanarudi, na mzee hajamaliza kuongea. Nilijua, kipande kilikuwa kifupi. Lazima niondoke sasa hivi. Nakimbia kibandani kuleta kipande kirefu.